Uzi wa mandhari: picha ya nyuma ya aikoni kwenye kompyuta na simu, ichaguliwe vipi na iwekwe vipi ikae sawa

mwanga_mpole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu kila mara anatokea mtu anaomba "picha kali za mandhari", anamwagiwa lundo la viungo, na haipiti muda anarudi na kilio: picha imevutika, kichwa cha mtoto kimekatwa, majina ya aikoni hayasomeki, au picha iliyong'aa kwenye kivinjari imeingia ukungu ilipowekwa. Picha kali zimejaa mtandaoni. Kinachokosekana ni maelezo ya kuzifanya zikae vizuri, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Picha nzuri ya kutazama ni kitu kimoja, na picha nzuri ya kukaa nyuma ya kazi ni kitu kingine. Hii ya pili lazima iwe na sehemu tulivu: anga, maji, mchanga, ukuta, giza, popote ambapo aikoni na saa vitakaa bila kugombana na kitu. Unapochagua, anza kutazama sehemu iliyo tupu, kivutio kifuate. Ukifanya hivyo, matatizo mengi yanaisha kabla hujafungua mipangilio.

Mfano mnaoujua wote ni ile picha ya kilima cha kijani iliyokuja na Windows XP mwaka 2001. Jina lake ni Bliss. Charles O'Rear aliipiga mwaka 1996 katika kaunti ya Sonoma, California, kwa kamera ya Mamiya RZ67 na filamu ya Fuji Velvia. Wengi huamini ilitengenezwa kwa kompyuta, ilhali mwenyewe amesema mara nyingi kuwa hakuihariri. Itazameni kama mandhari sasa. Hakuna mtu wala nyumba. Upande wa kushoto, ambako aikoni za Windows hujipanga zenyewe, kuna nyasi, anga na mawingu mepesi tu. Maandishi meupe yanasomeka, na jicho linatambua aikoni mara moja. Iliwakaa watu usoni miaka na miaka bila kuwachosha, na naamini utulivu huo ndio sababu.

Sasa umbo, maana hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Skrini nyingi za kompyuta zina uwiano wa upana kwa urefu wa 16:9, kama pikseli (vinukta vinavyojenga picha) 1920×1080 na 3840×2160. Laptopu nyingi za siku hizi zimerudi kwenye 16:10, mathalani 1920×1200 au 2560×1600. Simu nyingi ni ndefu, kama 1080×2400, yaani 9:20 ikishikwa wima. Lakini picha iliyotoka kwenye kamera ya simu kwa kawaida ni 4:3, na za kamera kubwa nyingi ni 3:2. Maumbo haya hayalingani, kwa hiyo kitu lazima kikatwe, kivutwe au kiachwe wazi.

Pigeni hesabu. Picha ya 4:3 ikijazwa kwenye skrini ya 16:9 inapoteza robo nzima ya urefu wake, juu na chini. Kichwa cha mtoto kimeishia hapo. Picha pana ya 16:9 ukiiweka kwenye simu ya 9:20, kinachobaki ni kama robo tu ya upana wake. Mlima wote uliokuvutia umetoka nje ya fremu, umebakiwa na kipande cha mteremko. Hakuna programu itakayokwepa hesabu hii. Njia ya uhakika ni kuikata picha mwenyewe kwa uwiano wa skrini yako kabla ya kuiweka, ili uamue wewe nini kibaki. Programu ya picha ya simu yoyote inaweza, na Photos ya Windows inaweza pia.

Kwenye Windows 10 na 11 njia ni Settings, Personalization, Background. Pale chini kuna chaguo la namna picha itakavyokaa. "Fill" inajaza skrini na kukata kinachozidi. "Fit" inaonyesha picha nzima na kuacha pembeni rangi utakayochagua. "Stretch" inavuta picha mpaka ienee hata kama sura za watu zitanenepa. Sijaona picha ya mtu au ya jengo iliyowahi kupendeza hivyo. "Tile" inarudia picha ndogo kama vigae, na "Center" inaiweka katikati kwa ukubwa wake halisi. Nikiwa na picha ya kusimama iliyopigwa kwa simu, natumia "Fit" na rangi ya pembeni iliyochukuliwa kwenye picha yenyewe, ile ya kingo zake. Inatulia ajabu.

La mwisho kwa leo ni ukubwa. Picha iwe na pikseli zisizopungua za skrini yako. Ikiwa ndogo, kompyuta itaitanua na ukungu utaonekana. Na picha uliyotumiwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa njiani. Mwambie aliyeipiga akutumie kama hati, ifike jinsi ilivyo.

Karibuni kwa maswali, nyongeza na upinzani.

kipanya_cha_kushoto

Mkuu, shukrani kwa kuanza na umbo. Swali langu: picha yangu ni 3840×2160, skrini yangu ni hiyo hiyo, lakini nikiiweka kwenye Windows naona anga la machweo limekuwa na mistari mistari, kama ngazi za rangi. Nikilifungua faili lenyewe, anga ni laini. Kwa nini?

mwanga_mpole

@kipanya_cha_kushoto macho yako ni mazima. Ukiweka picha ya JPEG, Windows hailitumii faili lako moja kwa moja. Inatengeneza nakala yake na kuibana upya kwa ubora wa kama 85 kwa 100. Kwenye picha ya msitu au mji hutaona tofauti. Kwenye anga linalobadilika polepole kutoka rangi ya chungwa hadi zambarau, utaona ngazi hizo.

Dawa ipo kwenye Registry, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, inayofunguliwa kwa programu ya Registry Editor. Hifadhi nakala yake kwanza. Kisha fungua HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop, ongeza thamani ya aina ya DWORD yenye jina JPEGImportQuality, uipe 100 ukiwa umechagua desimali. Toka kwenye akaunti yako, ingia tena, halafu iweke picha upya, kwa sababu ile nakala ya zamani haijirekebishi yenyewe. Kama ni kompyuta ya kazini na mipangilio imefungwa na wasimamizi, usihangaike kuvunja kufuli. Waombe wao.

albamu_ya_nyumbani

Naomba kupinga kidogo, tena kwa heshima. Hii habari ya "sehemu tupu" inatupeleka kwenye milima na mawingu ya watu tusiowajua. Simu naifungua mara nyingi kuliko mlango wa chumba changu. Nataka nikiifungua niwaone wanangu, tena wakicheka, wamejaa skrini nzima. Aikoni zikae popote. Mandhari ni ya mwenye kifaa, na anayejaribu kuifanya iwe ya kazi tu anatunyima kile kitu pekee kwenye simu ambacho ni chetu kabisa.

mwanga_mpole

Dada, sikupingi hata kidogo kwenye hilo la mwisho, na ningependa wanao wakae vizuri kuliko wakae popote. Simu ina skrini mbili: iliyofungwa na ya kwanza. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016 unaweza kuweka picha tofauti kila moja, na iPhone nayo inaruhusu. Skrini iliyofungwa haina aikoni zilizotapakaa. Ina saa juu na arifa. Hapo ndipo pa nyuso. Kwenye skrini ya kwanza weka picha ile ile ikiwa na ukungu: kwenye iPhone, kuanzia iOS 16, kuna kitufe cha kuitia ukungu wakati wa kuiandaa, na kwenye Android unaweza kuifanya kwa programu yoyote ya kuhariri. Rangi za nguo zao na za mahali walipokuwa zitabaki nyuma ya aikoni, na majina yatasomeka.

Halafu upigaji wenyewe. Ukijua kwamba picha itakuwa mandhari, rudi nyuma hatua kadhaa, shika simu wima, na uwaweke watoto kwenye theluthi mbili za chini. Juu ya vichwa vyao acha anga au ukuta mtupu. Hapo ndipo saa itakapokaa. Picha nyingi za familia zinashindwa kuwa mandhari kwa sababu mpigaji alisogea karibu mno, nyuso zikajaza fremu, na saa ikatua kwenye paji la uso la mtu.

albamu_ya_nyumbani

Hilo la kurudi nyuma limenigusa. Kuna picha ninayo imepigwa kwa mbali, sikuwahi kuifikiria. Na ile ya saa kujificha nyuma ya kichwa cha mtu inafanyikaje? Nimeiona kwenye iPhone ya mdogo wangu.

fremu_tatu

Nijibu hilo. Ilikuja na iOS 16 mwaka 2022. Simu yenyewe inatenganisha mtu au mnyama na kilicho nyuma yake, kisha inapitisha saa katikati. Inataka mambo matatu. Mhusika awe na kingo zinazoeleweka, nywele zisizochanganyika na majani ya nyuma. Kichwa kiguse sehemu ndogo tu ya saa. Kikiifunika sana, simu inaghairi. Na usiweke wijeti (vile visanduku vidogo vya taarifa) chini ya saa, maana kwenye iOS 16 ukiziweka tu, saa haijifichi tena nyuma ya kichwa. Wengi hulalamika kwamba picha yao haikubali, kumbe wijeti ya hali ya hewa ndiyo inayozuia. Bana picha kwa vidole viwili, ishushe taratibu mpaka kichwa kiguse ukingo wa chini wa tarakimu.

betri_asilimia_nne

Wakuu, mandhari zinazosogea je? Mawimbi, mvua, samaki. Nazipenda sana ila naambiwa zinakula betri. Na je, mandhari nyeusi inaokoa betri kweli?

mwanga_mpole

Maswali mawili tofauti, nayatenganisha.

Zinazosogea ziliingia Android mwaka 2010 na toleo la 2.1. Iliyoandikwa vizuri inasimama pale unapofungua programu nyingine, kwa kuwa hakuna anayeiona. Gharama yake ni kwa muda unaokaa kwenye skrini ya kwanza tu. Iliyoandikwa vibaya inaendelea kuchora hata isipoonekana. Kipimo ni rahisi: baada ya siku moja fungua orodha ya matumizi ya betri, kama jina lake linaonekana miongoni mwa za juu, iondoe. Kwenye Windows kuna Lively Wallpaper, ya bure na ya chanzo huria, na kuna Wallpaper Engine, ya kulipia. Zote mbili unaweza kuziamuru zisimame mchezo au filamu inapojaza skrini, na usiache kuweka amri hiyo. Kwenye laptopu ya zamani isiyo na kadi nzuri ya michoro, mimi ningeacha kabisa.

Kuhusu nyeusi: inategemea skrini. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka muda wote, kwa hiyo picha nyeusi na nyeupe zinakula karibu sawa. Kwenye OLED kila pikseli inajiwashia mwanga wake, na nyeusi kamili ni pikseli iliyozimwa. Lakini tusitie chumvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipima programu zikiwa katika hali ya giza mwaka 2021. Mwangaza ukiwa asilimia 100, akiba kwa wastani ilikuwa asilimia 39 hadi 47. Mwangaza ukiwa asilimia 30 hadi 50, ambako wengi wetu tunakaa, ilikuwa asilimia 3 hadi 9 tu. Na hizo ni programu unazozitazama muda mrefu. Mandhari unaiona kwa sekunde chache kila unapoifungua simu. Weka nyeusi kwa sababu unaipenda, kwa sababu aikoni zinang'aa juu yake. Ukitaka betri, shusha mwangaza.

Nyongeza kwa wenye kompyuta za RAM ndogo: ukubwa wa faili haukuambii itakula kumbukumbu kiasi gani. Picha ikifunguliwa, kila pikseli huchukua baiti 4. Kwa hiyo 3840×2160 ni takriban MB 33 hata kama faili la JPEG lina MB 2. Ile ile kwa 1920×1080 ni MB 8 na kidogo. Kama skrini yako ni 1366×768, picha kubwa mno haikuongezei chochote machoni.

rangi_tatu

Niongeze jambo ambalo halijaguswa: rangi. Kuanzia Android 12 ya mwaka 2021, simu nyingi huchota rangi kutoka kwenye mandhari na kuzipaka kwenye vitufe, menyu na wijeti. Kwa hiyo ukichagua picha umechagua na rangi ya simu nzima. Picha yenye rangi moja inayotawala inatoa matokeo mazuri. Picha yenye kila rangi inatoa matokeo usiyoyatarajia, ila kwenye mipangilio ya mandhari unaweza kuchagua rangi nyingine kati ya zile ilizochota.

Na rangi iliwahi kuleta balaa. Mwaka 2020 ilisambaa picha ya ziwa na milima, iliyopigwa katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Montana. Simu kadhaa za Android 10 zikiwekewa picha ile zilikuwa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Haikuwa kirusi. Picha ilihifadhiwa kwa wasifu wa rangi (maelezo ya rangi ambazo faili linaweza kubeba) mpana kuliko kawaida, ProPhoto RGB. Simu ilipokuwa inakokotoa mwangaza wa kila pikseli, hesabu ya pikseli moja ilizidi 255, ambayo ndiyo nafasi ya mwisho kwenye jedwali lake, programu ikaanguka. Ikiwashwa tena inakuta picha ile ile, inaanguka tena. Android 11 ilirekebisha. Funzo kwa mnaohariri picha zenu: mkihifadhi kwa ajili ya simu, chagueni sRGB, wasifu wa kawaida. Hata pasipotokea ajali, rangi zitaonekana jinsi mlivyozikusudia.

pengwini_mtulivu

Watumiaji wa Linux tusisahaulike. Kwenye GNOME, mojawapo ya mazingira ya kazi ya Linux, kuanzia toleo la 42 la mwaka 2022, kuna mandhari mbili: ya hali ya mwanga na ya hali ya giza. Wengi wanaandika amri ya zamani ya picture-uri, wanaona hakuna kilichobadilika, kumbe wako kwenye hali ya giza. Andika hii pia:

gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri-dark 'file:///njia/ya/picha.jpg'

Njia iwe kamili, na alama za mkwaju ni tatu baada ya "file:". Ukitumia kidhibiti madirisha chepesi kwenye X (mfumo wa Linux wa kuchora madirisha), programu ndogo ya feh inatosha: feh --bg-fill ikifuatwa na jina la faili.

mwanga_mpole

Asante sana @pengwini_mtulivu. Kwa upande wa Mac, kitu kilichonivutia kuliko vyote ni mandhari ya Mojave, toleo la macOS la mwaka 2018: faili moja la HEIC (aina ya faili inayoweza kubeba picha nyingi) lenye picha 16 za tuta lile lile la mchanga, kuanzia alfajiri hadi usiku, na kompyuta inachagua ya kuonyesha kwa kufuata mahali jua lilipo unakoishi. Wenye Windows wanaotaka kitu hicho watafute WinDynamicDesktop, ni ya bure.

Kuhusu vyanzo, kwa sababu naona mtauliza tu: Wikimedia Commons, NASA, Unsplash. Ila hazina ninayoiona haitumiki ni makumbusho. The Metropolitan Museum of Art ya New York ilifungua picha za kazi zake zilizo nje ya hakimiliki mwaka 2017, kwa ukubwa mzuri, bila malipo. Rijksmuseum ya Amsterdam nayo hivyo hivyo. Michoro ya mandhari ya asili ya wachoraji wa zamani ina anga pana na rangi zilizopoa, na karibu yote inakubali aikoni. Tafuteni michoro ya bahari ya Uholanzi ya karne ya 17: mara nyingi mawingu yanachukua zaidi ya nusu ya fremu. Ukikata pande mbili, hata simu inaipokea.

Na tahadhari. Picha haihitaji kusakinishwa. Ukipakua "mandhari" ikaja na kiambishi cha .exe au .scr, ifute. Programu ya mandhari ya simu inayoomba kusoma ujumbe mfupi, anwani zako au mahali ulipo haina sababu ya kuomba hivyo. Ikatalie, na ikigoma kufanya kazi, iondoe.

skrini_pacha

Nina skrini mbili, moja 2560×1440 na nyingine 1920×1080. Nataka picha moja ienee zote mbili, kama dirisha refu. Nikichagua "Span" mstari wa upeo wa bahari unavunjika katikati, upande mmoja uko juu kuliko mwingine.

fremu_tatu

Inavunjika kwa sababu "Span" inahesabu pikseli, haijui sentimita. Skrini yako ndogo ina pikseli 1080 kwenda chini na kubwa ina 1440, na Windows inazipanga jinsi ulivyoziweka kwenye Settings, System, Display. Ziburute pale mpaka mpangilio ufanane na zilivyo mezani. Kama kingo za chini ndizo zinazolingana, zilinganishe chini. Mstari utakaribia, ila kama pikseli za skrini moja ni ndogo kuliko za nyingine kwa ukubwa halisi, hautanyooka kote.

Kwa hali yako ningekata picha mara mbili. Fungua ile ya asili, kata kipande cha kushoto kwa uwiano wa 16:9, na cha kulia vivyo hivyo, ukisogeza cha pili juu au chini mpaka upeo ulingane ukizitazama skrini zenyewe. Katikati ruka kipande chembamba cha picha, kinacholingana na unene wa fremu za plastiki, la sivyo meli ikipita hapo itaonekana imerefushwa. Kisha kwenye ukurasa wa Background bofya kila picha kwa kitufe cha kulia na uchague ni ya skrini ipi.

skrini_pacha

Nimefanya. Upeo umenyooka. Kipande cha kulia nilikishusha kidogo tu. Ila sasa aikoni zangu zote zimekaa juu ya jua.

mwanga_mpole

@skrini_pacha jua liko skrini ipi? Kama ni ile kuu, badilisha skrini kuu iwe nyingine kwenye Display, na aikoni zitahamia huko. Au geuza picha kushoto-kulia kabla ya kuikata, mradi haina maandishi. Tuwekee picha ya meza nzima ukimaliza, tuone upeo ulivyokaa.